Nusu Tatu za Kiboko

Hadithi yaja!
— Ije!
Yaja kwa nini?
— Kwa miguu yake!
Yaingilia wapi?
— Masikioni!
Basi safisheni masikio. Na aliyepanda mkeka wangu na miguu ya tope ashuke. Kibwana, ni wewe ninayekusema, usimtazame mwenzio. Mimi sisimulii mara mbili, na sibishani na mtu katikati ya njia.

Hapo kale, na msiniulize kale ipi, palikuwa na mto mpana. Upande mmoja wa mto palikuwa na nchi ikiitwa Huku. Upande wa pili palikuwa na nchi jirani ikiitwa Ng'ambo. Katikati ya mto palikuwa na kisiwa cha mchanga. Kutoka Huku mpaka kisiwani maji yalikuwa ya kina, ukizama hupati chini. Kutoka kisiwani mpaka Ng'ambo maji yalikuwa haba, hata Kanga alivuka bila kulowa tumbo.

Katika mto huo alikaa Kiboko. Alikuwa mkubwa, tena mwenye nguvu, tena mwenye tamaa. Yeye ndiye aliyevusha watu, na yeye ndiye aliyewatoza. Nani alimpa kazi hiyo? Hakuna. Alikaa tu mtoni siku nyingi, watu wakazoea kumwamkia, naye akadhani ni cheo.

Sasa mwaka mmoja majani ya Huku yakakauka. Yakakauka ya bondeni, yakakauka ya mlimani. Watu wakaanza kuhamia Ng'ambo. Na kila aliyehama alipita kwa Kiboko, na Kiboko alisema maneno yale yale.

"Mbuuu! Anayehama hulipa nusu tatu. Nusu ya kuondoka. Nusu ya kupita. Nusu ya kuwasili."

Nusu ya kuondoka aliichukua ufukweni, kabla hujatia mguu majini. Nusu ya kupita aliichukua kisiwani, katika kile kilichobaki. Nusu ya kuwasili aliichukua ukingoni mwa Ng'ambo, katika kile kilichobaki tena.

Mtu akimwambia, "Mzee, nusu tatu zinazidi kitu chenyewe," Kiboko alimjibu, "Anayejua hesabu sana, aogelee."

Wakalipa. Kanga alitoka Huku na watoto kumi na sita na vyungu vinane. Akafika Ng'ambo na watoto wawili na chungu kimoja. Ngiri alitoka na watoto wanane, akafika na mmoja, na huyo mmoja alikuwa analia njia nzima akiwataja wenzake. Wale waliochukuliwa walibaki kisiwani. Kazi yao ilikuwa kumsugua Kiboko mgongo na kumchokoa meno. Sugua hapa! Sugua pale! Chokoa huku! Na vyombo vya watu vilirundikwa pale kisiwani, vitanda juu ya vinu, vinu juu ya mikeka, wala Kiboko hakuvitumia. Kiboko halali kitandani. Alipenda tu kuvitazama.

Huku palikuwa na mama mmoja mdogo, Bi Pimbi. Pimbi mnamjua, kamnyama ka mawe, hakana mkia. Mumewe alikuwa ametangulia Ng'ambo, akapata jiwe zuri lenye mapango, akawa analilinda lisichukuliwe. Ndivyo alivyosema. Bi Pimbi akabaki na watoto wanne na mama mkwe mmoja. Mtoto wa mwisho aliitwa Siwatu, na alikuwa mdogo kiasi cha kulala ndani ya kata ya maji.

Bi Pimbi akaenda mtoni kuuliza gharama. Ti-ti-ti-ti, akafika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una nini?"

"Nina vyungu vinne, mikeka minne, kitanda kimoja na jiwe la kusagia. Na watoto wanne."

"Watoto wanne," akasema Kiboko, akafumba macho kwa raha. "Nusu ya kuondoka, wawili. Nusu ya kupita, mmoja. Anabaki mmoja."

"Na nusu ya kuwasili, mzee?"

"Hiyo tutaizungumza ukifika."

Bi Pimbi akarudi nyumbani. Hakukimbia ti-ti-ti. Alitembea pole pole, na kila alipofika penye kivuli alikaa.

"Haya, mkaza mwana," mama mkwe akauliza, "kuhama ni kiasi gani?"

"Mama, ni watoto watatu na nusu."

Mama mkwe akanyamaza. Tangu Bi Pimbi aolewe katika nyumba ile, ilikuwa mara ya kwanza.

Wangebaki Huku, wangekufa njaa. Wangevuka, wangefika na nusu mtoto. Bi Pimbi akawaza siku ya kwanza, akawaza siku ya pili. Siku ya tatu mama mkwe, ambaye ukimya ulikuwa umeshamchosha, akaanza kuzungumza habari za ujana wake.

"Enzi zetu bwana! Nilikuwa nakwenda kwa watani wetu wa kule bondeni. Naingia bila hodi. Namshika jogoo, naondoka naye. Mwenye jogoo ananitazama hivi, anacheka. Afanye nini? Ni mtani! Akinuna, faini."

Bi Pimbi akainua kichwa. "Na wao wakija kwako, mama?"

"Wakija kwangu wanachukua changu, nami nacheka. Utani ni kwenda na kurudi. Kuna siku walichukua mpaka mlango."

Utani mnaujua, sina haja ya kuwafundisha. Koo mbili zilipigana zamani, zikachoka, zikapatana, zikafanyana watani. Mtani hukutukana na humpigi. Hukuchukulia kitu na humdai. Anayekasirika ndiye mwenye kosa. Mwanahawa, wewe ulimnunia mtani wako kwenye harusi ile, mpaka leo tunakusema.

Siku ya gulio watu walijaa ufukweni. Swala alikuwepo, Nungunungu alikuwepo, Nyati alikuwepo, wote na mizigo yao, wote na nyuso ndefu. Ng'ambo nako walisimama wale waliokwisha kuvuka, wanatazama kisiwani kama watawaona watoto wao. Kiboko alikuwa amekaa penye tope anakula matikiti.

Bi Pimbi akaja mikono mitupu. Ti-ti-ti-ti. Hakupiga hodi wala hakuamkia. Akapita katikati ya watu, akaenda mpaka chini ya pua ya Kiboko, akachukua tikiti kubwa kuliko yote, akalibingirisha, akalipasua juu ya jiwe, pwaa! Akakaa, akala.

Watu wakaacha kupumua. Nungunungu alisimamisha miiba yote.

"Mbuuu!" Kiboko akasema. "Wewe kipande cha mnyama! Unajua mimi ni nani?"

"Nakujua sana," akasema Bi Pimbi, akatema mbegu. "Wewe ni mtani wangu, mwenye akili ndogo kuliko masikio yake. Babu yako alimkanyaga babu yangu, babu yangu akamng'ata babu yako. Wakapatana. Hukuambiwa kwenu? Mimi nikila chako, wewe unacheka. Ukinuna, faini."

Kiboko hakuwa ameambiwa kitu kama hicho, na wala hakikuwepo. Lakini aliwaza. Kiboko akiwaza huzama kidogo. Akazama, bu-bu-bu, akaibuka.

"Ngoja kwanza," akasema. "Na mimi je? Mimi naweza kuchukua chako?"

"Si mtani wangu?"

"Chako chote? Si nusu?"

"Nusu ni za wageni, mtani."

"Na watoto?"

Hapo Bi Pimbi aliweka tikiti chini. Mimi sikuwepo, lakini niliambiwa kwamba hakuliokota tena. "Mtani hachagui," akasema.

"Na wewe hutakasirika?"

"Nikikasirika nitoe faini. Kawaida ni mbuzi mmoja."

Kiboko akafurahi mpaka tope likachemka. Nusu, nusu, nusu, siku zote nusu, na leo kuna mjinga anampa vyote! "Mbuzi hatoshi!" akapiga kelele. "Mashahidi! Sikieni nyote wa Huku, na nyie wa Ng'ambo sikieni! Mimi na huyu ni watani. Kuanzia leo mpaka milele. Anayechukuliwa kitu acheke. Atakayenuna, atakayelia, atakayekunja uso, anaacha kila alichonacho na hakanyagi tena mto huu!"

"Mtani, si kali mno hiyo?" akasema Bi Pimbi kwa sauti ndogo.

"Ndiyo hiyo hiyo! Mashahidi, mmesikia?"

"Tumesikia," wakasema wa Huku.

"Tumesikia," wakajibu wa Ng'ambo.

Basi Kiboko akatoka majini, gudu-gudu-gudu, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Bi Pimbi. Watu wakamfuata. Akachukua vyungu vinne, akavitia kinywani taratibu visivunjike, maana sasa vilikuwa vyake. Akaogelea mpaka kisiwani, akavitua. Akarudi. Akachukua mikeka, akaibeba juu juu isilowe. Akaitua kisiwani, akarudi. Akachukua kitanda. Akachukua jiwe la kusagia, na jiwe hilo lilikuwa zito, mgongo ukamuuma, lakini hakuliacha.

Kila aliporudi alimkuta Bi Pimbi amekaa, anacheka. "Kwe-kwe-kwe! Mtani wangu huyo! Hajaacha kitu!"

Kisha akaja kuchukua watoto.

Bi Pimbi alikuwa amewaambia asubuhi, "Atakayelia ametuua sote. Mimi nitakuwa nacheka. Nanyi mkiniona nacheka, chekeni." Lakini kusema ni asubuhi, na Kiboko akija amekuja. Akamchukua wa kwanza, akamweka mgongoni. Akamchukua wa pili. Akamchukua wa tatu. Siwatu alikuwa ameshika nguo ya mama yake kwa mikono miwili. Kiboko akamvuta pole pole, huku anamtazama mama usoni.

"Huyu mdogo nitamweka chini ya mguu wangu," akasema, "asipotee."

Bi Pimbi aliogopa. Nasema wazi kwa sababu wengine husimulia kama hakuogopa. Hakuwa na hakika hata kidogo kwamba alifanya vyema. Watu wote walimtazama uso.

"Kwe," akasema. "Kwe-kwe. Kwe-kwe-kwe!"

"Mbona machozi?"

"Kicheko, mtani. Umenivunja mbavu."

Mashahidi wakatazamana, wakakubali kwamba ni kicheko. Kiboko akawavusha watoto wanne, wamekauka, hata mguu haukulowa.

"Mtani!" Bi Pimbi akamwita kutoka ufukweni. "Umemsahau mama mkwe!"

Kiboko akarudi. Alikuwa anahema sasa, hii ilikuwa safari ya sita, lakini kuacha kitu hawezi. Akamchukua mama mkwe. Mama mkwe akaanza kusema kabla hajakaa vizuri: mgongo unateleza, maji baridi, mbona unakwenda upande, marehemu babu yenu alikuwa anaogelea vizuri kuliko wewe. Bi Pimbi naye akaruka, akakaa nyuma ya mama mkwe.

"Wewe je?" Kiboko akauliza.

"Mimi ni nani nibaki? Unachukua vyote au huchukui?"

"Nachukua vyote," akasema Kiboko. "Meno yangu ya nyuma hayajapata mtu wa kuyachokoa."

Wakafika kisiwani. Kiboko akajibwaga mchangani, pu! Akamweka Siwatu chini ya mguu wa mbele, ule wa kulia, hakumkandamiza, akamfunika tu. Akatazama mali yake. Hapajawahi kuletwa nyumba nzima, na mwenye nyumba, na mkwe wake. Hata uchovu alikuwa anaupenda.

Bi Pimbi akashuka, akakung'uta nguo. Akatazama upande wa Ng'ambo, akaona Kanga na Ngiri na wengine wamesogea mpaka kwenye maji haba. Akageuka.

"Haya, mtani," akasema. "Umemaliza zamu yako?"

"Zamu gani?"

"Ya kuchukua. Sasa ni yangu."

Akachukua chungu, akampa Kanga. "Nachukua chungu. Cheka, mtani."

Kiboko akatazama chungu kinaondoka. Akatazama mashahidi wa Huku. Akatazama mashahidi wa Ng'ambo. "Ho," akasema. "Ho-ho."

"Nachukua kitanda. Cheka, mtani."

"Ho-ho."

"Nachukua jiwe la kusagia." Ngiri akalitia kwenye pembe, akaenda nalo. "Cheka, mtani, hili ni zito."

"Ho."

Alipomaliza vyake hakusimama. "Nachukua kinu hiki. Cha nani?" "Changu!" akasema mtu wa Ng'ambo. "Kichukue. Cheka, mtani." Wakaingia wote sasa. Vitanda vikavuka, mikeka ikavuka. Kanga akawaita wanawe mmoja mmoja kwa jina, kumi na wanne, wakatoka mgongoni kwa Kiboko, chwe-chwe-chwe, na mama yao akawahesabu mara tatu kwa sababu hakuamini. Ngiri akapata wake saba. Watoto watatu wa Bi Pimbi wakavuka na nyanya yao, ambaye alikuwa bado anasema.

Kisiwa kikabaki mchanga mtupu. Kikabaki na Kiboko, na Bi Pimbi, na mguu.

"Na huyo," akasema Bi Pimbi.

Kiboko akatazama mtoni.

"Mtani, nimesema na huyo. Inua mguu."

"Nimekupa vyote," akasema Kiboko. Sauti ilikuwa ndogo, na si sauti nzuri. "Hiki kimoja ni changu."

Chini ya mguu Siwatu hakulia. Alikuwa ameambiwa asilie.

Bi Pimbi alikuwa mdogo kuliko ukucha wa mguu ule. Kiboko angekandamiza kidogo tu, ingekuwa basi. Na Bi Pimbi alijua, na Kiboko alijua, na pande zote mbili za mto walijua. Hakumsihi wala hakumwita mzee. Aligeuka, akauliza kwa sauti kubwa mpaka Huku wakasikia: "Mashahidi! Huyu mtani wangu amenuna, au mimi ndiye sioni vizuri?"

Watu wakanyoosha shingo. Nyati akaingia majini mpaka kifuani apate kuona uso wa Kiboko. "Amenuna?" "Kama amenuna." "Uso umekunjika, tazama!" "Akinuna anaacha mto!"

Kiboko akasikia hayo, damu ikampanda. Akapanua kinywa kunguruma. Akakipanua chote, mpaka meno ya nyuma yakaonekana, mpaka koo likaonekana. Na pale pale, kinywa kikiwa wazi, akakumbuka. Akinguruma, mto umekwenda. Akikifunga, wataona alivyokunja uso, mto umekwenda. Akakiacha wazi. "Haaa," akasema. "Ha. Haaa."

"Anacheka!" akasema Bi Pimbi. "Mashahidi, mtani wangu anacheka! Basi inua na mguu, tucheke pamoja."

Mguu ukainuka.

Siwatu akatoka, mchanga umemjaa machoni. Bi Pimbi akamnyakua, akampakata, akaingia naye katika maji haba, na sasa ndipo alipolia, akalia kwa sauti, na hakuna shahidi aliyemwambia neno. Watu wa Huku nao wakaingia mtoni nyuma ya Nyati, wamepanda mgongoni mwake zamu kwa zamu na mizigo yao, na kila aliyempita Kiboko alimgusa kidogo begani akamwambia, "Cheka, mtani." Naye alibaki pale kinywa wazi mpaka wa mwisho akavuka.

Jiwe alilopata mumewe Bi Pimbi lilikuwa dogo kuliko alivyosema. Walienea hivyo hivyo.

Na hadi leo ukipita mtoni utamwona Kiboko amepanua kinywa. Wasiojua husema anapiga miayo.

Nami hapa nimeishiwa. Uongo uliomo ni wangu, ukweli uliomo gawaneni, na asiyeridhika asimulie yake.

Mnataka funzo? Funzo ni hili: anayehamia nchi jirani alipe kila anachotozwa, alipe mapema, wala asilete maneno na mzaha mbele ya wakubwa. Mtazameni Bi Pimbi. Hakulipa hata kidogo, na adhabu yake mnaiona mpaka leo: mchana kutwa yuko juani juu ya jiwe la kigeni, hana raha, watoto wanne wamemlalia, na hakuna hata mmoja aliyepungua. Msiwe kama yeye.